Kadi ya PSA 10 ya kijana aliye ligi ndogo: ninunue nishikilie?

Msomaji mmoja aliyeko Columbus, Ohio, mzaliwa wa Morogoro, ameniandikia hivi: "Kaka, kwenye ghala ninakofanya kazi kuna jamaa anayenunua na kuuza kadi za besiboli. Ananiambia kuna kijana wa miaka 18 kutoka Jamhuri ya Dominika, yuko Single-A kwenye ligi ndogo, na kadi yake ya kwanza ya Bowman Chrome yenye gredi ya PSA 10, yaani alama ya juu kabisa ya kampuni ya PSA inayopima hali ya kadi, inauzwa dola 180. Ananishauri nichukue kumi na tano, nizifungie kabatini mpaka dogo afike Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB), hapo nitakuwa nimetoka. Nina dola 3,000 nilizotenga kwa ajili ya kiwanja nyumbani. Gredi ya 10 si ndiyo mwisho wa gredi, itashukaje? Au bora ninunue zisizo na gredi nikazipeleke mwenyewe? Na wale vijana wa Uganda waliosajiliwa na timu ya Dodgers, unaonaje kadi zao?"

Kaka, nitaanza na jibu lenyewe, kwa sababu hapo kuna pesa ya kiwanja. Usinunue kumi na tano, na hata moja usiinunue kwa mpango wa kuishikilia mpaka dogo afike Ligi Kuu. Sisemi biashara hii ni ya uongo. Nimo ndani yake kwa muda mrefu, naipenda, na faida yake nimeiona kwa macho. Lakini faida ya kadi za chipukizi haikai mwisho wa safari, pale jamaa yako anapokuelekeza utazame. Mara nyingi inakaa katikati ya njia, na huwa imeshachukuliwa na mtu mwingine kabla mchezaji hajavaa jezi ya timu kubwa.

Tuanze na kitu chenyewe unachoambiwa ununue. Bowman ni jina la zamani katika kadi za besiboli. Kampuni ya Topps ililinunua mwaka 1956, ikalirudisha sokoni 1989, na Topps yenyewe ikanunuliwa na Fanatics mwanzoni mwa 2022. Kazi ya Bowman siku hizi ni moja: kutoa kadi za vijana ambao bado hawajafika Ligi Kuu. Tangu mwaka 2006 kuna utaratibu kwamba alama rasmi ya kadi ya mwaka wa kwanza, ile yenye herufi RC, inawekwa tu kwa mchezaji aliyekwisha kufika Ligi Kuu. Kadi ya kijana wako haina alama hiyo. Ina kinembo kidogo kinachosema ni Bowman yake ya kwanza, na soko lenyewe ndilo lililoamua kukithamini hicho, mara nyingi kuliko hata ile RC itakayotoka baadaye. Kwa hiyo unanunua karatasi ya mtu ambaye kazi yake bado haijaanza. Ni kama mfanyabiashara anayenunua mwembe mzima ukiwa bado una maua: analipa leo, na upepo wote utakaovuma kuanzia hapo ni wake.

Na upepo upo. Ligi Kuu ina timu 30, kila moja ina wachezaji 26 kwa sehemu kubwa ya msimu, maana yake ni nafasi 780 tu. Chini yake, kuanzia Single-A, kupanda High-A, Double-A hadi Triple-A, kuna timu 120 zilizojaa vijana ambao kila mmoja alikuwa nyota wa kijijini kwao. Dogo wako yuko kwenye ngazi ya chini kabisa kati ya hizo nne. Pale Single-A anakutana na warushaji wanaotupa mpira kwa kasi lakini hawajui sana uende wapi. Akifika Double-A atakutana na watu wanaoweza kuupinda mpira na kuupeleka wanakotaka, na hapo ndipo wengi huishia. Wenyeji wa besiboli huwa hawamwamini mpigaji mpaka wamwone Double-A. Bei ya kadi, kwa upande wake, haingoji. Inapanda mapema, kwa tetesi, kwa video ya sekunde kumi, kwa jina la timu.

Jamaa yako bila shaka amekutajia Mike Trout, mmoja wa wachezaji bora wa kizazi chake. Wote humtaja. Trout alichaguliwa na timu ya Angels mwaka 2009, akiwa wa 25 kwenye drafti ya mwaka ule, yaani zoezi la kila mwaka la timu kuchagua vijana wapya kwa zamu. Kadi yake ya Bowman Chrome ya 2009 yenye sahihi, aina ya Superfractor ambayo huchapwa moja tu duniani, ilinunuliwa mwaka 2018 kwa karibu dola 400,000, na Agosti 2020 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 3.93. Hadithi ni ya kweli. Lakini mbele ya Trout walichaguliwa vijana 24, na kuna watu walioweka pesa zao kwa hao, wakiwa na sababu nzuri kabisa za kufanya hivyo. Kadi za wengi wao leo ziko kwenye masanduku ya dola moja kwenye maonyesho ya kadi, na hakuna anayeandika habari zake.

Mfano ninaotaka uukae nao zaidi ni wa Jasson Domínguez, kwa sababu unafanana na wa dogo wako. Timu ya Yankees ilimsajili 2019 akiwa na miaka 16, kwa zaidi ya dola milioni 5, na muda si muda watu walikuwa wanamwita Mtu wa Mars, kwamba kipaji chake si cha sayari hii. Kadi yake ya kwanza ya Bowman ikatoka 2020. Mwaka huo ligi ndogo zote zilifutwa kwa ajili ya Korona, kwa hiyo kijana alikuwa hajacheza hata mechi moja rasmi ya kulipwa. Hilo halikumzuia mtu. Maboksi ya Bowman ya mwaka ule yalipanda bei kwa sababu ya jina lake moja, na watu walinunua kadi zake kwa bei ambayo wachezaji waliokwisha kufanya makubwa Ligi Kuu hawakuwa nayo.

Alipoanza kucheza 2021, akacheza vizuri kama anavyocheza kijana mwenye kipaji wa umri ule. Tatizo ni kwamba bei ilikuwa imeshahesabu kuwa atacheza kama mtu wa Mars. Ikateremka, ikateremka tena. Halafu tarehe 1 Septemba 2023, mjini Houston, akaingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Mara yake ya kwanza kabisa kushika gongo alikutana na Justin Verlander, mmoja wa warushaji wakubwa wa kizazi chake, akaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Akacheza mechi nane, akapiga hivyo mara nne. Kadi zake zikawa zinauzwa dakika kwa dakika. Tarehe 10 mwezi huohuo Yankees wakatangaza kwamba kano ya kiwiko imechanika na anahitaji upasuaji.

Sasa jiulize nani alipata pesa hapo. Aliyenunua kwenye kilele cha 2020 na 2021 na kushikilia "mpaka afike", wengi wao hata usiku ule wa Houston hawakurudisha pesa yao. Aliyepata ni yule aliyefungua boksi 2020 akauza wiki ileile, na yule aliyenunua kimyakimya wakati watu wamemchoka, akauza ndani ya zile siku tisa. Kijana alifika, kaka. Alifika kwa kishindo ambacho hata mtunga filamu angeona aibu kukiandika. Na bado kushikilia hakukulipa.

Siku ya kupandishwa ina hila yake. Kila mwenye kadi anasubiri siku hiyohiyo. Habari ikitoka saa nne usiku kwamba fulani anapandishwa, kufikia asubuhi kadi mamia zimewekwa sokoni na watu waliokuwa wamezifungia makabatini kama unavyoambiwa uzifungie wewe. Wanunuzi wapo, lakini wauzaji ni wengi kuliko wao baada ya siku chache tu. Ndiyo maana wenye uzoefu huanza kuuza kabla: Januari na Februari, Baseball America na MLB Pipeline wanapotoa orodha zao za chipukizi 100 bora, au Machi, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, kijana anapopiga mpira mkubwa mmoja na video ikazunguka. Kununua hufanywa Novemba na Desemba, wakati akili za Wamarekani ziko kwenye mpira wao wa miguu na kikapu na hakuna anayewaza besiboli. Jamaa yako anakuuzia lini? Tazama kalenda kabla ya kutazama kadi.

Na hata anayefika na kuwa bora, bei haimfuati moja kwa moja. Drafti ya 2013, Astros walimchagua Mark Appel wa kwanza, Cubs wakamchagua Kris Bryant wa pili. Appel aliumia, akaacha mchezo 2018, akarudi, na akafika Ligi Kuu kwa mara ya kwanza Juni 2022 akiwa na Phillies, mwenye miaka 30. Bryant alikuwa kila kitu alichoahidi: mchezaji bora wa mwaka wa ligi yake 2016, na mwaka huohuo akawa bingwa na Cubs, ubingwa ambao Chicago iliusubiri tangu 1908. Kisha akaenda Colorado, majeraha yakamwandama, na kadi zake leo ni kivuli cha zilivyokuwa mwaka ule wa ubingwa. Ukishikilia kadi ya mchezaji miaka mingi, unabeba mgongo wake, magoti yake na hata maisha yake nje ya uwanja. Wander Franco alikuwa chipukizi namba moja, akasaini mkataba wa dola milioni 182 Novemba 2021, akionekana mtu salama kuliko wote. Agosti 2023 aliondolewa uwanjani kutokana na uchunguzi wa tuhuma nzito kwao Jamhuri ya Dominika, na kadi zake zikakosa mnunuzi ndani ya siku chache. Hakuna gredi inayokinga hilo.

Hapo ndipo swali lako la gredi linapoingia, na nataka nilijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi. PSA, kampuni iliyoanza 1991, inapokea kadi, inathibitisha kwamba ni halisi, inaikagua hali yake, inaipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha inaifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti. Beckett wanafanya vivyo hivyo, wakitoa alama ndogo nne: ulinganifu wa kingo, pembe, ukingo na uso wa kadi. SGC nao wapo. Wote hawa wanapima karatasi. PSA 10 inakwambia kwamba kadi ilitoka kiwandani ikiwa safi na haijachubuka. Haikwambii neno lolote kuhusu kijana aliye kwenye picha, wala kuhusu bei. Kweli, gredi ni ya mwisho na haitashuka. Bei itashuka bila kuigusa gredi.

Tena kwa kadi mpya za chrome, zile zenye uso wa kung'aa, 10 haina uadimu unaoudhania. Kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya 1952 iliyouzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022 ilikuwa na gredi ya SGC 9.5, na kadi ya umri ule kuwa katika hali ile ni maajabu, kwa sababu watoto walizichezea, wakazifunga kwa rababendi, mama zao wakazitupa. Kadi ya kijana wako ilitoka kwenye pakiti ikaingia kwenye kifuko cha plastiki kabla hata haijapoa. Zote zimetunzwa. Kwa hiyo nenda kwenye tovuti ya PSA, fungua orodha inayoonyesha kadi ngapi za aina hiyo zimepewa kila gredi, na usiitazame mara moja tu. Itazame leo, itazame tena baada ya mwezi. Kadi iliyotoka mwaka huu inaweza kuwa na 10 mia mbili leo na elfu moja mwakani, kwa sababu bado zinapelekwa. Kadi ya Ken Griffey Jr. ya Upper Deck ya 1989, ya mchezaji aliyeingia kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli, ina PSA 10 zaidi ya 4,000, nayo ni kadi ambayo kila mtu anaitaka. Dogo wa Single-A hana watu elfu nne wanaomtaka.

Kadi anayokuuzia jamaa, kama nilivyoelewa, ni ile ya msingi: chrome ya kawaida, haina sahihi, haina namba. Topps hawatangazi wamechapa ngapi za namna hiyo. Zile za rangi huchapwa kwa idadi iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe: kwenye chrome zenye sahihi, bluu ni 150, kijani 99, dhahabu 50, chungwa 25, nyekundu 5, na Superfractor moja. Mchezaji anapopanda bei, mpenzi wake wa kweli hukimbilia hizo za rangi, na zile za msingi hubaki kuwa mafuriko. Kama ungeniambia una pesa ya kupoteza na unataka kumwekea huyu dogo, ningekwambia chukua moja yenye sahihi na namba kuliko kumi na tano za msingi. Ubaya wake ni kwamba yenye namba huuzwa mara chache, kwa hiyo bei yake ni ngumu kuijua, na siku ukitaka kuiuza huenda ukamsubiri mnunuzi.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo jamaa hakukupa. Chukua hiyo kadi ya dola 180. Ukiinunua eBay utalipa na kodi ya mauzo, tuseme asilimia 7.5, imekuwa dola 193.50. Siku ya kuiuza, eBay watakata karibu asilimia 13, na kuituma vizuri kutakugharimu kama dola 5. Ili urudishe pesa yako tu, bila senti ya faida, lazima uiuze kwa karibu dola 228. Yaani bei ipande kwa zaidi ya robo ndipo uwe umesimama palepale ulipoanzia. Ukinunua kwa jamaa mkononi huenda usitozwe kodi hiyo ya mauzo, sawa, lakini makato ya kuuza yako palepale. Halafu kuna serikali: kwa Marekani, faida ya vitu vya kukusanya ulivyovikalia zaidi ya mwaka inaweza kutozwa hadi asilimia 28, kwa hiyo tunza risiti za ulichonunua, maana bila risiti hutaweza kuonyesha kwamba kwenye ile dola 228 hukuwa na faida.

Kununua zisizo na gredi na kuzipeleka mwenyewe ni njia ninayoiheshimu, kwa sababu hapo kuna ujuzi. Macho yako yanaweza kukulipa. Kaa usiku kwenye meza yenye taa moja kali, zima taa ya dari. Ishike kadi kwa ukingo, vidole visiguse uso. Iinamishe taratibu mpaka mwanga uteleze kutoka juu hadi chini, kisha igeuze uiinamishe kwa upande. Chrome inaficha kasoro ukiitazama moja kwa moja, ila mwanga ukipita juu yake utaona mistari myembamba kama nywele iliyoachwa na mashine ya kuchapia, au kijishimo kidogo kama ncha ya sindano. Mstari mmoja wa namna hiyo unatosha kuishusha hadi 9. Kisha tazama fremu: upana wa kushoto ulinganishe na wa kulia, juu na chini. PSA wanataka mbele iwe karibu 55 kwa 45 ili ipate 10. Jicho lililozoea huona kadi iliyosogea kabla hata ya kuchukua rula. Mwisho pembe nne, kwa lenzi ya sonara, ukitafuta doa jeupe. Alama ya kidole ifute kwa kitambaa laini cha miwani, polepole, na kama haitoki, iache. Kadi nyingi zilizopata 8 ziliharibiwa na mikono ya mwenye nazo akizisafisha.

Lakini hata kwa macho mazuri, hesabu ni nyembamba. Nikupe mfano wa namba za kufikirika tu. Umenunua kadi kumi kwa dola 40 kila moja, dola 400. Gredi kwa daraja la bei ya chini, tuseme dola 25 kila moja, 250. Kutuma kwenda na kurudi, 40. Jumla 690. Zikirudi tano zina 10 unaziuza 150 kila moja, nne zina 9 unaziuza 45, na moja ina 8 unaiuza 25: umepata 955. Toa makato na posta ya kuzituma kwa wanunuzi, utabaki na karibu 781. Faida dola 91, kwa miezi ya kusubiri. Sasa badilisha kitu kimoja: zenye gredi ya 10 ziwe tatu na zenye 9 ziwe sita. Hasara dola 92. Tofauti ya faida na hasara ni mistari miwili ya mashine usiyoiona kwenye picha ya muuzaji. Na angalia hiyo bei ya 9, dola 45: ni kadi ya dola 40 uliyoitia gharama ya 25. Huko ndiko pesa za wanaoanza huzama, kwenye 9.

Kuna na muda. Machi 2021 PSA walisimamisha kupokea kadi kwenye huduma zao nyingi kwa sababu mlima wa kadi ulikuwa umewashinda. Waliozipeleka kabla ya hapo walizisubiri miezi na miezi, na zilipofika nyumbani soko lilikuwa limeshaporomoka. Chipukizi hangoji kadi yako itoke maabara. Anaweza kuumia bega Jumanne, na sanduku lako likarudi Ijumaa.

Warushaji, kwa sababu hiyo ya viungo, mimi siwagusi kabisa nikiwa nanunua ili niuze. Brien Taylor alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 1991 na Yankees, akalipwa dola milioni 1.55, akaumia bega kwenye ugomvi Desemba 1993, na hakufika Ligi Kuu maishani. Stephen Strasburg alianza Juni 2010 kwa kuwatoa wapigaji 14 kwenye mechi yake ya kwanza, nchi nzima ikasimama kumtazama, na Septemba ya mwaka huohuo alikuwa kwenye meza ya upasuaji wa kiwiko. Kuna Paul Skenes, ndiyo. Kadi yake ya kipekee yenye kiraka cha jezi ya mechi yake ya kwanza iliuzwa dola milioni 1.11 Machi 2025, baada ya mtoto wa miaka 11 kuikuta kwenye pakiti. Lakini ile ilikuwa kadi ya mtu aliyekwisha kuthibitisha kazi yake Ligi Kuu, na ilikuwa moja tu duniani.

Hilo linanileta kwa vijana wa Uganda, kwa sababu Ben Serunkuma na Umar Male, waliosajiliwa na Dodgers mwaka 2022, ni warushaji. Mimi kama Mwafrika Mashariki nilifurahi mno siku ile. Uganda ina besiboli ya kweli: mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi ikawa ya kwanza ya Afrika kucheza kwenye mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport. Na Afrika imeshafika juu: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pirates, akawa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza Ligi Kuu, na akapiga vizuri mara yake ya kwanza mbele ya Jon Lester. Historia ile haitafutika. Lakini soko la kadi hulipa wingi wa mipira inayotoka nje ya uwanja na ukubwa wa jiji la timu, na Ngoepe hakukaa sana Ligi Kuu. Kwa hiyo ukiona kadi ya kijana wa kwetu, inunue, iweke mezani kwako, waonyeshe watoto. Usiiwekee hesabu ya faida. Ni pesa ya mapenzi, na inastahili kuwa hivyo.

Sasa, ufanye nini kesho ghalani? Pesa ya kiwanja ibaki ya kiwanja, hiyo hatuijadili. Kama unataka kujifunza biashara hii, tumia ya ova taimu, kiasi ambacho kikipotea chote mama watoto hatahitaji kujua. Mwombe jamaa namba ya cheti ya hiyo kadi, uiingize kwenye tovuti ya PSA, uone kama jina, mwaka na gredi vinalingana na kilicho mkononi, kwa sababu makasha ya bandia yapo na mengine yametengenezwa vizuri sana. Palepale tazama 10 ziko ngapi. Kisha ingia kwenye tovuti ya 130point uone kadi hiyohiyo imeuzwa kweli kwa bei gani wiki mbili zilizopita. Bei zinazoombwa usizitazame, mtu anaweza kuomba chochote. Kama za mwisho zimeuzwa dola 150, mpe 130, moja tu, na siku hiyohiyo uandike bei utakayoiuzia na mwezi utakaoiuza hata kama bei hiyo haijafika. Akikataa, mwache nayo. Bowman nyingine inatoka tena masika, na ndani yake kutakuwa na kijana mwingine wa miaka 18.